Kilima Kilichogawiwa Tukiwa Mbioni

Ijumaa, 1 Mfunguo Nane

Laila, we mtoto huna haya. Tangu ulipopanda lori na vifurushi vyako hujatia mguu tena hapa Nakitaya. Kila nikipiga simu ni "bibi, mwezi ujao, bibi, kazi, bibi, barabara." Barabara gani? Watu wanatoka Olumbi na ndoo za samaki wanakwenda Mocímboa wanarudi, mbuzi wanasafiri, ni wewe tu barabara imekukataa. Hospitali ya Nampula ina wauguzi wengine. Mimi mjukuu wa kike ninaye mmoja. Ardhi yetu hufuata tumbo la mama, na tumbo letu limebaki kukutazama wewe, na wewe umekaa Nampula unakula mkate.

Basi nakuandikia kila siku yangu, maana simu hukatika kabla sijamaliza kukugombeza. Shule ya serikali sikuikanyaga, unajua. Hizi ni herufi za chuo cha Kurani, alizonifunza mama yangu kwa kidole mchangani, nami nikakufunza wewe hivyo hivyo. Ukija utanisomea yote mbele ya uso wangu, na ukicheka makosa utalala njaa.

Leo korosho za kwanza zimeanguka juu ya kilima chetu, Nambelenje. Mabibo yamejaa chini, nyuki wamelewa. Nimeokota na Alzira.

Alzira humjui sawasawa. Ni Mmakonde wa Awasse, Mkristo, alikuja kwetu vita vilipowakuta wao kabla yetu, mwanawe Raimundo mgongoni ana homa. Nikamkatia kipande cha kilima alime. Mtoto hakupona. Tukamzika huko huko juu, kando ya babu yako, kwa sababu nilisema mtoto mdogo halali peke yake ugenini. Halafu siku yetu nasi ikafika, tukakimbia, tukavuka Rovuma. Alzira akakataa. Akasema, "Mimi nimeshakimbia mara moja, mtoto wangu nimemlaza hapa, sikimbii tena." Akabaki na wageni wenzake wachache. Tuliporudi tulimkuta kakonda kama fito, lakini yupo.

Tunaishi naye kwa adabu ya kwetu: mgeni analima mahindi na muhogo, mti wa kudumu hapandi, na neno la ardhi hasemi. Yeye hajavuka mpaka huo hata siku moja. Ndiyo maana nampenda.

Jumapili, 3 Mfunguo Nane

Korosho. Kiuno kinauma. Hujapiga simu.

Jumanne, 5 Mfunguo Nane

Nimeshtuka, Laila, utaona herufi zinavyokimbia.

Tumefika juu asubuhi tukakuta vigingi. Vipya, vimepigwa ardhini, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu kichwani. Kimoja kwenye muhogo wa Alzira. Kimoja chini ya mkorosho wa mama yangu. Na kimoja, nakwambia, baina ya babu yako na Raimundo, mahali ambapo mimi mwenyewe nikipita navua viatu.

Akatokea Jamaldine, mtoto wa jirani yetu Cadija, yule aliyekuwa akikuibia maembe. Siku hizi ni mkalimani wa kampuni. Kavaa kofia ngumu ya njano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo kofia ya nini, unaogopa korosho zitakupasua?"

"Sheria ya kazi, bibi."

"Na hivi vijiti ni sheria ya nani?"

Akasema ni alama za minara. Minara ya upepo, mirefu kuliko minazi mitano ikipandishwa mmoja juu ya mwingine, na juu kuna mapangaboi yanazunguka, upepo unayasukuma, umeme unatoka.

"Umeme wa kuja kwangu?"

Akatazama viatu vyake. "Kwanza unakwenda kwenye viwanda, bibi. Baadaye tutaona."

"Na aliyewaambia mpige vijiti kwenye makaburi ni nani?"

"Konsulta imeshafanyika, bibi. Watu waliitwa, wakaulizwa, wakakubali. Ruhusa imeshatoka Maputo."

"Waliitwa lini? Mimi sikuitwa."

"Mwaka ule."

"Upi?"

"Mwaka ule ambao nyinyi hamjarudi."

Nikakaa chini palepale juu ya mabibo, kanga ikalowa. Sisi tupo ng'ambo ya mto tunalala kwenye turubai, huku nyuma yetu watu wamekaa wakaulizana juu ya kilima chetu wakajibizana! Halafu nikaukumbuka ule mlingoti wa chuma. Tuliporudi tuliukuta juu ya Nambelenje, mwembamba, umefungwa waya pande zote, na vikombe vidogo vinazunguka kileleni. Tulidhani ni wa simu. Tulishangilia! Cadija alikuwa akipanda kila jioni, anainua simu chini yake, anatafuta mtandao. Kumbe kile kitu kilikuwa kinapima upepo wetu, na sisi tunakipigia vigelegele.

Nikamgeukia Alzira. Alikuwa anakitazama kijiti cha kaburini. Hakuonekana kama mtu aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonishtua zaidi.

Jumatano, 6 Mfunguo Nane

Nimekwenda kwa Abdurrazaque. Ndugu yangu huyu unamjua kwa pipi zake, lakini kazi yake hukuelewa, ulikuwa mdogo. Yeye ni mdomo wa tumbo letu. Wanawake tunakaa mkekani, tunazungumza mpaka tunapatana, halafu yeye anatoka anawaambia watu. Mdomo ni wake, neno ni letu. Mama yangu alikaa hivyo na kaka yake, na bibi yangu na wa kwake.

Nimemuuliza, "Konsulta gani hiyo? Nani alikubali?"

Akakuna ndevu. "Dada, mimi nilikuwa Pemba kwenye kambi, wewe ng'ambo. Waliokuwepo hapa ni wageni. Mgeni ukimuuliza nyumba isiyo yake atakupa mpaka mlango."

"Wageni gani?"

"Watu wa Awasse. Nasikia yule Alzira wako alisimama akasema mbele ya watu."

Cadija naye kasema amesikia hivyo hivyo, na mke wa muuza duka kasikia. Kijiji kizima kimesikia, mimi tu ninayekula naye sahani moja ndiye sikusikia.

Alhamisi, 7 Mfunguo Nane

Nilimkuta anakuna nazi.

"Alzira, siku ya konsulta ulisimama?"

Akaacha kukuna. "Nilisimama, mama."

"Ukasema?"

"Nilisema. Lakini mama, ngoja ni…"

"Usiningojeshe! Nilikupa ardhi ya kulima, sikukupa mdomo. Nimekulazia mtoto wako kando ya mume wangu. Ulikosa nini kwangu mpaka uwape watu kilima changu?"

"Mama Saquina, nisikilize."

"Masikio yamejaa. Muhogo wako uliobaki ng'oa, ni jasho lako. Ukimaliza, Nambelenje usipande tena."

Akanitazama, Laila. Akachukua mbuzi ya nazi akaendelea kukuna, na nazi yenyewe ilikuwa imekwisha, anakuna kifuu.

Nimerudi nyumbani nikajiona nimefanya la haki. Uji umenishinda.

Jumapili, 10 Mfunguo Nane

Nimeokota peke yangu. Sikujua kilima kile ni kikubwa hivi.

Jumatano, 13 Mfunguo Nane

Joto. Upepo umekufa kabisa. Waje waone mapangaboi yao yatazungushwa na nini. Wapulize wenyewe.

Ijumaa, 15 Mfunguo Nane

Cadija kaniambia Alzira ameonekana juu alfajiri na ufagio. Nimepanda kwa hasira. Makaburi yamefagiliwa, yote mawili. La Raimundo limefagiliwa, na la babu yako limefagiliwa, majani yamekusanywa pembeni vizuri kama anavyofanya yeye. Nilitaka kugomba, nikakosa wa kumgombeza. Nimesoma Fatiha nikashuka.

Jumatatu, 18 Mfunguo Nane

Mvua ya kwanza, na mapema. Korosho zimelowa, zitaingia weusi. Nimezianika jikoni, nyumba nzima inanuka moshi.

Jumamosi, 23 Mfunguo Nane

Subhana Llah. Subhana Llah. Nimeandika mara mbili kwa sababu sijui niandike nini.

Mzee Rajabo wa Tungue amefariki jana, wewe ulimjua, fundi wa mitumbwi. Leo kijiji chote tulikwenda kuzika, tumetoka asubuhi, wanaume kwa wanawake, mpaka mbwa walitufuata. Nakitaya haikubaki na mtu. Na watu wa kampuni wakachagua siku hiyo.

Tunarudi, tumefika mtoni, nikasikia mngurumo. Nikadhani radi. Cadija akasema, "Radi gani haikatiki?" Tukatazama juu tukaona kilima kimepasuliwa. Njia nyekundu, pana, imepanda kutoka barabarani mpaka nusu ya mlima kama mtu aliyechanwa kwa kisu tumboni. Katapila. Mikorosho imelala ubavu na matunda yake, Laila, yenye kubeba! Mizizi juu, mabibo mekundu yamepondwa kwenye udongo mwekundu, hujui lipi ni tunda lipi ni ardhi. Mkorosho wa mama yangu umekatwa katikati, na utomvu bado unatoka. Niliushika. Una joto.

Sikulia. Niliduwaa tu. Wanawake wanapiga mayowe nyuma yangu, mimi nasikia kama wako mbali sana.

Halafu tukaona katapila imesimama, inanguruma bila kwenda. Mbele yake kakaa mtu. Kakaa chini kabisa, miguu kainyoosha, jembe juu ya mapaja, na nyuma yake makaburi mawili. Ni Alzira. Hakuja mazikoni kwa kuwa mimi niliwaambia watu wasimwite. Dereva anamwambia kwa Kimakonde, "Mama, ondoka, nitaadhibiwa." Yeye anamjibu, "Pita juu yangu basi, mwanangu, hutachelewa." Tangu adhuhuri wamekaa hivyo.

Kampuni wakaja na gari. Akashuka binti mmoja, Vitória, wa kusini, ndiye anayeshughulika na watu wa vijiji. Kijana, mpole wa sauti, viatu vimejaa tope. Akamwona Alzira akashika kichwa. Akasema kwa Kireno, Jamaldine akatufasiria.

"Anasema, tena huyu mama? Huyu ndiye aliyetusumbua kwenye konsulta ya kwanza."

"Alisumbua vipi?" nikauliza.

Jamaldine akamuuliza, akamjibu, akageuka kwangu, na uso wake ukabadilika rangi. "Anasema… mama huyu alisimama akasema, kilima kina wenyewe na kina makaburi, wasubirini wenyewe warudi. Alikataa kukaa. Wakamwambia, wewe ni mgeni, huna sauti."

"Na aliyekubali?"

Vitória hakusubiri hata afasiriwe, alielewa. Akalitaja jina kama mtu anayetaja bei ya nyanya sokoni, kwa sababu alidhani sote tunalijua. Senhor Abdurrazaque. Msemaji wa familia. Walimfuata Pemba kwa gari.

Laila, mimi nimeona mengi. Nimeona nyumba yangu inaungua nikiwa majini mpaka kiunoni. Sikupata kushtuka namna ile. Nilimtafuta ndugu yangu kwa macho katikati ya watu. Hakuwepo. Tulipofika mtoni alikuwa nasi.

Jumapili, 24 Mfunguo Nane

Nimemkuta barazani kwake anasokota kamba.

"Dada, karibu, kaa."

"Sikai. Gari lilikufuata Pemba au halikukufuata?"

Kamba ikasimama mikononi. "Nani kakwambia?"

"Abdurrazaque!"

"Lilinifuata."

Nikangoja. Yeye huwezi kumkaba, akikabwa anajifunga kama kobe. Nikaegemea nguzo nikangoja mpaka akaanza mwenyewe.

"Wewe hujui kambi ile, dada. Kwenye foleni ya unga nasukumwa na vijana ninaoweza kuwazaa. Sina jina. Kila mtu ananiita mzee, mzee, sogea mzee. Siku moja likaja gari, wakaniulizia kwa jina langu na la baba. Watu wote wakageuka kunitazama. Wakaniita mwenye ardhi. Wakanileta mpaka hapa, wakanitolea kiti. Kiti chenye mgongo, dada, mwaka mzima nilikuwa nakaa chini. Wakasema, mzee, wewe ndiye msemaji wa kilima kile? Ningesema nini? Ningesema mimi si mtu?"

"Ungesema, nipeni muda nikakae na dada zangu."

"Sikujua hata kama mko hai."

"Basi ukaturithi tukiwa hai."

Akafunika uso kwa mikono. Mikono yake sasa inafanana na ya baba, sikupata kuona mpaka leo.

"Na makaburi ulisema?"

"Hawakuniuliza makaburi."

"Na Alzira? Ukakaa kimya nikamfukuza kwa kosa lako?"

Akaiokota kamba. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ataondoka mwenyewe, na maneno yataondoka naye."

Huyu nilimbeba mgongoni, Laila. Mama alipokuwa shambani mimi ndiye niliyekuwa nambeba, nikamtafunia muhogo. Nilimtazama nikawa kama namwona mtu wa kijiji kingine. Nikatoka. Mkewe alikuwa nyuma ya mlango analia, nikampita.

Jumatatu, 25 Mfunguo Nane

Nimekwenda kwa Alzira.

"Hodi."

"Karibu, mama."

"Leo usiniite mwenye ardhi. Leo ni mgeni wako mimi. Nina njaa."

Akanipima kwa macho. "Una njaa kweli au una maneno?"

"Vyote viwili."

"Anza na njaa."

Akaniwekea ugali wa muhogo na kisamvu. Nikala, akanitazama nikila. Nilipomaliza nikamwambia, "Nimekukosea, na kukosea kwangu kulikuwa kwa sauti kubwa, kijiji chote kimesikia. Nitasema kwa sauti hiyo hiyo." Na nimesema, Laila. Nimesimama kisimani leo jioni wanawake wote wakiteka maji, nikasema. Cadija alitazama ndoo yake.

Lakini nilimuuliza Alzira, "Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

"Sikukupa."

"Na tena yule ni ndugu yako. Mimi nakaa kwenye ardhi yako, nije nimseme ndugu yako kwako? Kwetu mgeni akianza hayo, kesho anafungishwa mzigo."

"Nilikufungisha mzigo vilevile."

"Ndiyo. Kumbe bora ningesema."

Tukacheka mpaka mimi nikapaliwa, kisha nikaona yeye hacheki tena, analia, nami nikamshika kichwa chake nikakiweka hapa kifuani pangu. Huyu alivunja adabu yake ya ugeni akanisemea mimi nisiyekuwepo. Mwenye adabu ya kuzaliwa nayo akakaa kwenye kiti.

Jumatano, 27 Mfunguo Nane

Mvua. Katapila imezama tope mpaka magotini. Sikuomba dua hiyo, lakini nimesema amin.

Jumapili, 2 Mfunguo Tisa

Jamaldine amepita nyumba kwa nyumba: kutakuwa na mkutano mwingine, wa kufunga. Nimemuuliza, "Wa kutuuliza au wa kutuambia?" Kasema, "Bibi, mimi nafasiri tu."

Jumanne, 11 Mfunguo Tisa

Wanawake wa tumbo letu tumekaa mkekani kwangu. Mke wa Abdurrazaque amekuja, si wa tumbo letu, kakaa mlangoni, hatukumfukuza. Wamenitaka niseme mimi siku ya mkutano. Nimekataa, mwanamke hamsemei kaka yake akiwa mzima. Lakini lipo jambo ambalo sisi twaweza, na sijaliona likifanywa tangu nikiwa msichana. Mdomo ukisema neno ambalo mkeka haukutoa, wanawake wanaupa mgongo. Wanageuka wote, hawasemi kitu. Msemaji aliyepewa mgongo anasema la nafsi yake tu, na yeyote anayemsikiliza anajua hivyo.

Nimesema Alzira akae nasi. Mmoja akanung'unika, "Lakini yeye ni mgeni." Nikamuuliza, wewe katapila ilipokuja ulikaa mbele yake? Basi.

Jumatano, 19 Mfunguo Tisa

Mkutano umefanyika leo. Wamefunga hema jeupe karibu na shule, viti vya plastiki, maji ya chupa. Sisi tumekuja na mikeka yetu, tumekaa chini mbele kabisa. Mkubwa wao, shefe Januário, mwenye tumbo na sauti, kasema sana. Umeme, kazi, barabara, maendeleo. Halafu akasema, "Sasa tumsikie msemaji wa familia, atufungie."

Abdurrazaque akasimama. Kavaa kanzu yake ya Idi. Nilisikia anakohoa kidogo, kama anavyofanya akitaka kuanza. Nikageuka. Cadija akageuka. Mkeka mzima ukageuka, kanga zinachakarika kama majani, na Alzira kando yangu kageuka, anatetemeka. Nikamnong'oneza, "Usitetemeke, watadhani tunacheza ngoma," akatabasamu.

Tulisubiri neno la kwanza. Halikutoka. Nikasikia anakaa. Chini, kwenye mchanga, ingawa kiti kilikuwepo. Sikugeuka kumtazama. Nilitaka, Laila, Mungu anajua, lakini sikugeuka.

Vitória alisikika anamuuliza Jamaldine, na safari hii Jamaldine akamfasiria kwa kirefu mgongo wetu. Shefe Januário akasema, "Kuna aliye na jambo jingine? Hakuna. Asanteni." Wafanyakazi wake wakapiga makofi.

Kabla ya kupanda gari Vitória amenifuata. Kasema makaburi hayakuwemo kwenye maelezo yaliyopelekwa Maputo, hakuna aliyeyataja akasikilizwa. Sasa ameyaona kwa macho yake, kwa hiyo kazi inasimama na lazima warudi kuuliza upya, mvua zikikatika. Nikamuuliza, "Kuuliza kweli?" Akasema, "Mama, nitajaribu." Nimempa korosho. Ni mtoto wa watu, na hajala vizuri, anaonekana.

Jumapili, 23 Mfunguo Tisa

Mvua usiku na mchana. Abdurrazaque hatoki ndani. Nimempelekea uji, nimeuweka mlangoni. Sijaingia.

Jumanne, 2 Rajabu

Nilidhani nimemaliza kushtuka mwaka huu.

Jamaldine kaja leo, kalowa, kofia ngumu hana. Sikumuuliza. Akanitolea simu. "Bibi, tazama, wameitoa kampuni." Picha. Ni sisi, wanawake wa Nakitaya, mkeka mzima, nyuso zetu wazi kama mchana. Mpiga picha wao alikuwa amesimama nyuma ya watu. Tulipompa mgongo Abdurrazaque, tulimpa yeye uso! Na katikati ya picha Alzira anatabasamu, kwa ule upuuzi wangu niliomnong'oneza.

"Nisomee kilichoandikwa."

Akasita. "Imeandikwa, wanawake wa Nakitaya wameupokea mradi kwa furaha."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mgongo wetu, Laila! Neno zito kuliko yote tuliyo nayo, alilolielewa ndugu yangu mpaka akakaa mchangani, wao wamelitazama kutoka upande wa pili wakaona tunacheka. Nilikaa na simu ile mkononi mpaka ikazima yenyewe. Alzira naye akaiona. Alijipangusa uso kwa kitambaa kama anajifuta ile picha.

Jumamosi, 6 Rajabu

Tumekaa mkekani tena. Tumekaa sana. Nimewaambia, kwa watu hawa hatukosei tena kwa kunyamaza. Wanataka uso, tutawapa uso, lakini wenye mdomo, na mdomo unaosema lugha yao bila mkalimani katikati. Abdurrazaque alikuja akasimama mlangoni, mara ya kwanza kutoka nje. Hakuomba kuingia. Akasema, "Mpeni Laila." Kisha akaondoka zake. Wala hatukuwa bado tumelitaja jina lako.

Basi umepewa mdomo. Usinipigie simu kunieleza zamu zako za hospitali. Wewe ni binti wa binti yangu, kilima ni chako kabla ya kuwa changu, na babu yako yuko juu na mtoto wa Alzira na kijiti chenye utepe baina yao.

Mvua zikikatika watakuja kuuliza, na wewe utakuwa umeshafika. Lakini ukishuka kwenye gari usije kwangu kwanza. Mimi hayo ya konsulta ya kwanza nimeyasikia kwa watu. Nenda kwa Alzira, yeye alikuwepo. Kula chakula atakachokupa. Mwambie akueleze tangu mwanzo, na akianza kusema, mwanangu, usimkatize.